Sifuri za Mtu wa Tisa

Kituo cha Afya, Liukan
3 Machi

Mhandisi Lan Chih-yuan,

Naitwa Pai Yu-chih, muuguzi wa kituo hiki, mwaka wa pili sasa. Nimekupigia simu mara nne, haipokelewi. Nimekuandikia barua pepe tatu, zote zimejibiwa na mashine ikinishukuru kwa uvumilivu wangu. Sina uvumilivu. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi na stempu, maana karatasi lazima mtu aifungue kwa mkono.

Jambo lenyewe ni hii programu yako ya asubuhi. Najua umeitengeneza bure kwa ajili ya tarafa yenu, na mkuu wa tarafa alikutaja mkutanoni watu wakapiga makofi. Lakini tangu vile vioo vidogo vya kubonyeza vifungwe kwenye nyumba ishirini na tatu za wazee wanaoishi peke yao, kazi yangu imekufa. Kila siku saa moja asubuhi kioo kinamwuliza mzee: “Je, ungependa muuguzi aje leo? Bonyeza 1 kwa ndiyo, 0 kwa hapana.” Anayebonyeza 1 naenda kwake. Anayebonyeza 0 siruhusiwi kwenda, kwa sababu mkuu wangu anasema petroli ya pikipiki si ya kuwatembelea wasiotaka.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Watu ishirini na watatu kwa siku zote hizo, nimepata 1 tatu tu, na mbili kati ya hizo ni za mzee mmoja aliyekuwa anaua mende juu ya kioo kwa ncha ya bakora. Mwezi uliopita watu hawa hawa nilikuwa nawafunga vidonda na kuwapima sukari. Kuna mmoja ambaye kidonda chake sikipendi kabisa. Hawakupona wote siku moja, Mhandisi. Programu yako ina kasoro, itazame.

Pai Yu-chih


Hsinchu
8 Machi

Muuguzi Pai,

Barua yako imefika. Samahani kwa simu. Kazini kwetu tunaziacha kwenye kabati mlangoni, tunazichukua jioni tukiwa tumechoka kuongea na mtu yeyote.

Programu haina kasoro. Sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa sababu nimeipima. Ile sehemu inayouliza tunaiita kitanzi. Inauliza, inasoma jibu, na jibu likiwa si 1 wala 0 inasema “Samahani, sijaelewa” na kuuliza upya, mpaka ipate moja kati ya hayo mawili. Ikipata, inatoka. Taabu ya kupima kitu kama hicho ni kwamba kinamsubiri mtu abonyeze, na mimi siwezi kukaa nikibonyeza mchana kutwa. Kwa hiyo kwenye Python, lugha ninayoandikia programu, unamwondoa mtu, unaweka orodha ya majibu mahali pake. Programu inadhani inamwuliza mzee, kumbe inachota jibu moja moja kwenye orodha. Mimi naipa herufi, kisha 7, kisha tupu, kisha 1, halafu natazama kama imekataa matatu ya kwanza na kukubali la nne. Nina majaribio arobaini na moja ya aina hiyo. Nimeweka hata mtu ambaye mkono wake unatetemeka akabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Yote yanapita.

Mzee akisema hapana, amesema hapana. Hilo ni jibu halali, na programu haina haki ya kulikataa. Kama kuna majibu inayoyasoma vibaya niletee kama orodha, mtu kwa mtu, kwa namba na si kwa majina, maana sheria hairuhusu majina ya wagonjwa kutoka kituoni. Kama hayapo, nakuomba uniache nifanye kazi inayonilisha.

Lan Chih-yuan

Mama yangu ni mmoja wa hao ishirini na watatu. Simuni hasikii vizuri, kwa hiyo tunaandikiana. Hajawahi kulalamika hata siku moja.


Liukan
10 Machi

A-Yuan,

Ndani ya boksi kuna machipukizi ya mianzi. Yaloweke usiku kucha na ubadilishe maji mara mbili, usiyatupie sufuriani hivi hivi kama mwaka jana halafu ukaniandikia kwamba ni machungu. Figili nilizikausha mwenyewe. Kopo ulirudishe, yote unayopelekewa huko hayarudi.

Umeuliza kama viatu vinanitosha. Vinatosha sana. Navivaa kila siku, jirani ameshaniuliza mara mbili vimetoka wapi.

Umeuliza kama uje kusafisha makaburi mwezi ujao. Usije. Kaburi la baba yako nitalifyeka mwenyewe, majani si mengi mwaka huu. Wewe una kazi.

Ile mashine yako inanisemesha kila asubuhi. Nabonyeza hapana upesi upesi isije ikakusumbua huko.

Mama


Kituo cha Afya, Liukan
14 Machi

Mhandisi Lan,

Umeomba orodha, hii hapa. Nimeikusanya siku yangu ya mapumziko, kwa miguu, ili mkuu wangu asiniulize habari za petroli. Nilisimama mlango hadi mlango nikauliza swali lile lile la kioo chako, ila kwa mdomo.

Ngoja nikupe mlango mmoja ulivyokuwa. Nilisema, nije nikuangalie? Akasema la, usijisumbue. Nikasema si usumbufu. Akasema la, rudi nyumbani, unachoka bure kwa ajili yangu. Nikasema njia ni fupi na nimeshafika. Akasema haya basi, ingia, chai iko tayari. Chai iko tayari, Mhandisi. Alikuwa ameshaichemsha kabla sijafungua mdomo.

Mimi kwetu ni Pingtung na tunafanya hivyo pia, lakini nyie wa huku milimani mmezidi. Hapa hata chungwa mtu halipokei mpaka alikatae mara mbili, na anayesema ndiyo ya kwanza anaonekana hakufunzwa. Wewe ulizaliwa hapa, ukalelewa hapa. Ulijifunzia wapi kuiamini hapana ya kwanza?

Andika sasa. Wa kwanza: 0, 0, 1. Wa pili: 0, 0, 1. Wa tatu, yule wa bakora: 1 moja kwa moja, tena akaniuliza mbona nimechelewa. Wa nne: 0, 0, 0, na mlango hakufungua; huyo kweli hataki, na tumwache. Wa tano mpaka wa nane: 0, 0, 1. Waliobaki wako kwenye karatasi ya pili, ila wa tisa nakuandikia hapa: 0, 0, 1. Kwake nilikaa saa nzima. Ana kisukari na kidonda mguuni, kilianza kama lengelenge la kiatu tu. Sasa kidole gumba kimeoza upande na cha pili yake kimebadilika rangi. Huyo amebonyeza 0 kwenye kioo chako kila siku iliyoletwa na Mungu.

Pai Yu-chih


Liukan
15 Machi

Binti Pai,

Nimekutundikia mayai kwenye mlango wa kituo. Usiyarudishe.

Jana ulisema aliyetengeneza ile mashine ni Lan wa Hsinchu, ukanitazama. Ndiyo, ni mwanangu. Ulishajua, ulitaka niseme mwenyewe. Sasa nakuomba kitu kimoja, usimwambie habari ya mguu. Na habari ya viatu usimwambie kabisa. Alininunulia kwa ajili ya Mwaka Mpya, hakuwa na kipimo, aliukumbuka mguu wangu kuwa mdogo kuliko ulivyo. Nilivivaa mwezi mzima kwa sababu ni vyake. Akijua ndivyo vilivyoniumiza atajilaumu mpaka azeeke. Nimevisukuma chini ya kitanda.

Uniahidi. Mimi nikihesabu watoto wangu nahesabu mmoja tu.

Hsieh Chin-yeh


Hsinchu
19 Machi

Muuguzi Pai,

Nimeingiza orodha zako zote ishirini na tatu kama majaribio. Ishirini na moja zimeanguka. Kabla hujafurahi, ngoja nikueleze zimeanguka kwa nini.

Programu inauliza mara moja, inachukua ile 0 ya kwanza, inatoka. Nyuma yake zinabaki 0 na 1 ambazo hakuna aliyeziuliza. Jaribio linalalamika kwamba kuna majibu yamebaki mkononi. Maana yake programu haijakosea kitu, ni orodha yako iliyozidi. Nimemwonyesha mwenzangu wa meza ya jirani, akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anatuma majibu mengi kuliko maswali.

Haiwezekani kumwuliza tena mtu aliyekwisha kujibu. Ndiyo ni ndiyo, hapana ni hapana, na tukianza kubishana na watu juu ya majibu yao hatutatoka. Desturi za Liukan nazijua, hukuwa na haja ya kunisomea. Lakini kompyuta haigawi machungwa.

Na huyo mtu wa tisa, mbona mnamsubiri abonyeze? Kidole kikibadilika rangi mtu anapelekwa hospitali. Hana watoto? Kama anao ni watoto wa aina gani, mzazi anaoza mguu wao wametulia huko waliko? Hasira zako waandikie wao, mimi uniache.

Lan Chih-yuan


Kituo cha Afya, Liukan
23 Machi

Mhandisi Lan,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena. Nimesubiri siku moja nzima ndiyo nikajibu.

Mtu wa tisa ana mtoto mmoja. Kijana mzuri, kwa maneno ya mzazi wake. Hasahau kuandika. Anauliza kila kitu ambacho mtoto anapaswa kuuliza, anauliza mara moja, akijibiwa anashukuru na kufunga bahasha. Nitaishia hapo kwa sababu nimeahidi kuishia hapo.

Juzi nimempeleka kwa daktari mjini Chiayi, kwa kumburuta. Daktari anataka kumkata vidole viwili tarehe 8 Aprili. Akikatwa siku hiyo, mguu unabaki. Akipitisha hapo, daktari haahidi mguu. Na hospitali inataka mtu wa familia aje asaini na akae naye. Nilijaribu kusaini mimi, wakanikatalia. Yeye anasema hana wa kumwita, tena anasema huku anatabasamu, na mimi nikitoka hapo natamani kupiga mtu teke.

Umesema haiwezekani kumwuliza tena mtu aliyekwisha kujibu. Mimi nikitaka kufuta picha ya paka kwenye kompyuta ya kituo, inaniuliza kama nina hakika. Kumfuta paka mnauliza mara mbili. Kumfuta mzee kwenye ratiba yangu mnauliza mara moja. Nieleze hilo kihandisi, nitakusikiliza.

Rekebisha kitanzi chako. Mtu akibonyeza 0, kimwambie: “Si usumbufu. Muuguzi aje?” Akibonyeza 0 tena, kimwambie: “Njia ni fupi. Aje?” Njia si fupi, lakini andika hivyo hivyo. La tatu ndilo jibu.

Pai Yu-chih


Hsinchu
25 Machi

Mama,

Machipukizi niliyaloweka kama ulivyosema na bado ni machungu, sijui nakosea wapi. Figili nimezimaliza. Kopo nitalileta.

Nimepewa siku tatu za likizo kwa ajili ya sikukuu ya makaburi. Nije? Kama hunihitaji nitazitumia kumalizia ile programu, kuna muuguzi mpya hapo kwenu amenishikia bango, kila wiki barua. Anadhani mimi ndiye niliyewafundisha watu kusema hapana.

Viatu vya aina ile imebaki pea moja dukani, saizi ile ile. Nikuchukulie na hiyo?

A-Yuan


Liukan
28 Machi

A-Yuan,

Nimekwisha kusema usije. Magari siku hizo yanajaa, utasimama njia nzima. Baba yako hajali mwaka mmoja.

Viatu usinunue. Vya kwanza bado vipya kabisa.

Huyo muuguzi usibishane naye, ni mtu mzuri, anatembea sana. Machipukizi ulibadilisha maji mara moja, sema kweli.

Mama


Hsinchu
30 Machi

Muuguzi Pai,

Haya, umeshinda. Ni ile picha ya paka iliyonimaliza.

Nimebadilisha kitanzi kama ulivyoandika, neno kwa neno. Sasa sifuri ya kwanza na ya pili zinajibiwa kwa kuulizwa tena, na jibu la tatu ndilo linalochukuliwa. 1 inakubaliwa wakati wowote. Nikaendesha majaribio, na hapo nikajikuta napigana na mimi mwenyewe.

Kwanza nilisahau kuhesabu. Mtu wa nne, yule asiyefungua mlango, orodha yake nilikuwa nimeiandika ijirudie bila mwisho, na programu ikawa inamwuliza bila mwisho. Nikaenda kula. Niliporudi na bakuli langu la tambi nilikuta ameulizwa mara laki sita na bado anasema hapana. Nimemheshimu sana mtu huyo.

Nilipoweka hesabu, yakaanguka majaribio yangu ya zamani, saba. Yote yalikuwa na sifuri moja tu. Programu inaomba jibu la pili, inakuta orodha imekwisha. Nikakaa nikiyatazama. Miaka sita nimekuwa nikipima programu zangu kwa watu wa kujitungia, na kila niliyemtunga akikataa anakataa mara moja kisha ananyamaza. Sijui niliwatoa wapi. Nyumbani kwetu sikumbuki mtu wa namna hiyo.

Nimeyaandika upya. Sasa ni sitini na manne pamoja na yako, na yanapita yote. Programu mpya itaingia kwenye vioo kesho kutwa.

Mtu wa tisa amepata wa kusaini? Tarehe nane si mbali. Yale niliyoandika kuhusu watoto wake yalikuwa makali, lakini siyafuti.

Lan Chih-yuan


Kituo cha Afya, Liukan
2 Aprili, kwa barua ya haraka

Mhandisi Lan,

Programu imeingia jana. Jana asubuhi nimepata 1 kumi na sita. Mkuu wangu alidhani mashine imeharibika. Nimeendesha pikipiki mpaka mgongo umekataa, na nyumba kumi na tano kati ya hizo nimekuta chai iko tayari. Ya kumi na sita ni ya yule mzee wa bakora, yeye alikuwa na bia. Nakushukuru, na sisemi tena neno baya juu ya kitanzi chako.

Lakini mtu wa tisa jana: 0, 0, 0. Leo: 0, 0, 0.

Nilikwenda hivyo hivyo, kwa petroli yangu. Nikamwuliza, mbona mimi nikija mlangoni mara ya tatu unanikubalia, na kioo hukikubalii? Alikuwa anamenya viazi vitamu vya uji, hakuinua hata kichwa. Akasema, “Wewe ni muuguzi, ndiyo kazi yako. Kile kioo ni cha mwanangu. Mtoto hasumbuliwi.”

Niliahidi kutotaja jina, na jina sijataja. Kuna jingine niliahidi kutolisema na hilo nalo silisemi, atakwambia mwenyewe akitaka. Ila sikuahidi kutohesabu. Mezani kwake, chini ya kopo la chai, kuna barua za mwanawe. Nilipokuwa namfunga mguu alinisomea mbili, kwa sauti, kwa furaha kabisa. Ya kwanza inauliza, nije? Ya pili inauliza, nije?

Nikatafuta ya tatu, Mhandisi. Haipo.

Umebakiwa na siku sita.

Pai Yu-chih


Mlangoni, Liukan
4 Aprili

Mama,

Nimegonga mara mbili. Nimekuona dirishani na najua umeniona, umevuta blanketi juu ya miguu ukageukia ukutani kama mtu aliyelala. Sitavunja mlango. Karatasi hii naisukuma chini yake, na kalamu nimeifunga humo humo.

Nimesimama njia nzima kama ulivyosema. Kopo nimelileta.

Nina hasira na wewe. Nina hasira zaidi na mimi, lakini na wewe pia, sitakuficha. Nilimwandikia mtu nikamwuliza mtoto gani anamwacha mzazi wake anaoza mguu, na jibu lilikuwa limekaa mfukoni mwangu kwa mwandiko wako, usije, na mimi nikalichukua, nikalikunja, nikashukuru kwa siku tatu za kazi.

Nimezungumza na hospitali. Nitasaini mimi.

Mama, niingie? Si usumbufu. Njia ni fupi.

A-Yuan


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mlango haujafungwa tangu asubuhi, sukuma.

Chai iko tayari. Kunywa kwanza, mguu utautazama baadaye. Na ukiona kitu chini ya kitanda, usiseme neno lolote leo.

Mama


Liukan
23 Aprili

Binti Pai,

Nimerudi nyumbani jana. Vidole viwili vimebaki Chiayi, mguu nimerudi nao. Nalala chali na sipendi, na chakula cha hospitali sitaki kukikumbuka.

A-Yuan alisaini. Alikaa nami siku zote kumi na nne za hospitali. Kazini wamemwandikia barua kali, nikamwambia arudi, akasema la, nikamwambia tena, akasema la, sikumwuliza ya tatu. Uji wake niliukataa siku ya kwanza, kwa kweli ulikuwa mbaya. Akauliza tena, nikaukataa. Akauliza tena. Nikaula ili anyamaze.

Viatu alivikuta. Siku ile hakusema neno, kama nilivyomwagiza. Kesho yake alivipima kwa rula, akaupima na mguu wangu mzima, akaenda akakaa nyuma ya nyumba mpaka uji ukapoa. Nilipomwita alikuja macho mekundu, akaniuliza ni lini vilianza kuuma. Nikasema siku ya kwanza. Akasema, “Niliuliza, Mama.” Nikasema, “Uliuliza mara moja.” Hatujavizungumza tena. Alitaka kuvitupa, nimemkataza. Viko pale pale.

Sasa nina lalamiko, na kwa kuwa wewe ndiye unayejua kumwandikia, nakupa wewe. Ile mashine imekuwa kero. Zamani iliuliza mara moja, ikanyamaza, nikaendelea na mambo yangu. Siku hizi nabonyeza hapana, inasema si usumbufu. Nabonyeza hapana, inasema njia ni fupi. Najua si yeye, ni mashine, ameniapia kwamba ni mashine tu inafuata orodha. Lakini maneno ni yale yale aliyonisukumia chini ya mlango, na mimi kila asubuhi nasimama pale na fimbo yangu nikiwa na njaa, nasubiri imalize. Leo nilibonyeza 0, 0, 1. Kwa hiyo utakuja, na ukija uje na bendeji zile pana.

Mwandikie kwamba inachosha, inapiga kelele, na inanichelewesha uji. Halafu akijibu kwamba ataipunguza iulize mara moja tu kama zamani, mwambie mama yake amesema hapana. Na hapana hiyo aichukue ya kwanza.

Hsieh Chin-yeh